IST ya dola 6,000, RAV4 ya 9,000 au jipu la kifahari la 7,500: lipi litakurudishia pesa Lubumbashi?

Mdogo wangu alifika kwangu Katuba Jumamosi saa nne asubuhi, akaweka simu mezani kabla hata ya kunywa maji. Picha tatu. Ya kwanza Toyota IST ya mwaka 2005, usukani kulia, dola 6,000. Ya pili Toyota RAV4 ya 2004, usukani kushoto, dola 9,000. Ya tatu jipu kubwa la kifahari kutoka Ulaya, la 2008, viti vya ngozi, paa la kioo, dola 7,500. Yeye mkononi alikuwa na 9,000 kamili, nusu yake ikiwa ni likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, iliyomfikia mwezi huo.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ninunue ipi?"

"Ukimaliza nayo, utauzia nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mazishi siku ya arusi. "Yaya, sijanunua bado, unaniuliza kuuza?"

Ndiyo, hapo ndipo pa kuanzia. Wengi mjini kwetu hujiuliza swali hilo wakiwa wamechelewa: siku mtoto anapolazwa, au kiwanja kizuri kinapopatikana, na gari ndicho kitu pekee nyumbani kinachoweza kugeuka pesa ndani ya wiki. Lubumbashi gari ni akiba. Wachache huweka dola zao benki. Wengi wetu tunaziweka kwenye matofali na kwenye magurudumu. Kwa hiyo bei unayotajiwa na muuzaji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni bei utakayopewa siku ya kuachana nalo, na yale utakayokuwa umelitia katikati.

Hesabu ya magari matatu

Mimi ni mhasibu, nilichukua karatasi. Bei za kununua ni zile za kwenye simu yake. Bei za kuuza na za matengenezo ni makadirio yangu kwa mtu anayeendesha mjini kila siku kwa miaka mitatu. Wewe weka tarakimu zako, mradi ufuate mpango huu.

| Kwa dola | IST | RAV4 | Jipu la kifahari |
|---|---|---|---|
| Kununua | 6,000 | 9,000 | 7,500 |
| Kuuza baada ya miaka 3 | 4,500 | 7,200 | 2,500 |
| Thamani iliyopotea | 1,500 | 1,800 | 5,000 |
| Matengenezo ya miaka 3 | 900 | 1,500 | 4,200 |
| Jumla uliyotumia | 2,400 | 3,300 | 9,200 |
| Kwa mwezi | 67 | 92 | 256 |

Mdogo wangu aliweka kidole kwenye safu ya mwisho na kukiacha pale. Jipu la 7,500 limemgharimu 9,200, na hajatia mafuta bado. RAV4, ambayo ndiyo ghali kuliko zote siku ya kununua, imepoteza dola 300 tu zaidi ya IST kwa miaka mitatu. Ukitazama kwa asilimia, IST imeshuka 25, RAV4 imeshuka 20, jipu limeshuka karibu 67.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Watu husema "Toyota ni Toyota" na kuishia hapo. Mimi nadhani inafaa kujua kinachoshikilia bei, kwa sababu ukikijua utaweza kupima hata gari ambalo sikulitaja.

Bei ya gari lako inashikiliwa na mwenzake anayeingia leo kupitia mpaka wa Kasumbalesa

Ofisini tunapoandika gari vitabuni, tunalipunguza sehemu ileile kila mwaka, kwa miaka minne au mitano, mpaka libaki sifuri. Sokoni mambo hayaendi hivyo. Gari jipya hushuka kwa kishindo mwanzoni, kwa kawaida kama sehemu moja ya tano ya bei yake ndani ya mwaka wa kwanza. Kisha mteremko unalegea, na baada ya miaka kumi na kitu bei inatambaa tu.

Ule mteremko mkali, kwa magari yetu mengi, aliulipa Mjapani. Kule Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo unaoitwa shaken ni ghali. Wengi wanaona afadhali kuuza kuliko kulipa tena. Ndiyo sababu magari yenye injini nzima hupandishwa meli kwa bei ndogo.

Lakini likifika huku si la bei ndogo tena. Limeteremshwa Dar es Salaam, limeendeshwa takriban kilomita 2,000 kupitia Tunduma na Zambia nzima, limelala Kasumbalesa, limelipiwa ushuru wa forodha na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, limemlipa deklara, yaani wakala wa forodha, limewekewa nambari. Gharama hizo zote zimo ndani ya bei, na kila IST mpya inayoingia inapita njia ileile. Kwa hiyo mwenye IST iliyokwisha kuingia hana sababu ya kuiuza kwa bei ya kutupa: mnunuzi akikataa, atakwenda kulipa njia yote hiyo tena. Siku ushuru unapopanda, IST iliyoegeshwa uani kwako inapanda nayo bila wewe kufanya kitu. Siku wanapoanza kuingiza umbo jipya kwa wingi na kwa bei nafuu, la kwako linashuka hata kama hukulitoa nyumbani mwezi mzima.

Hapo kuna kipimo ambacho mimi hukitumia. Kabla ya kununua, kaa dakika thelathini kando ya barabara kubwa, mtaa wa Kenya au wa Kamalondo hapa mjini, uhesabu gari unalolitaka linapita mara ngapi. Lile linalopita kila baada ya dakika mbili lina soko, lina fundi, lina vipuri vilivyotumika vinavyouzwa chini ya turubai. Lile ambalo hukuliona hata mara moja ni zuri kwa picha.

IST: ndogo, ya kawaida, na ndiyo nguvu yake

IST ya umbo la kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Injini yake ni ya familia ya NZ: 2NZ-FE ya lita 1.3 au 1NZ-FE ya lita 1.5. Familia hiyohiyo utaikuta ndani ya Vitz, Spacio, Raum, Funcargo, Probox na Ractis. Ina mnyororo wa taiming, hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Fundi aliyejifunza kazi kwenye Vitz ya jirani anaijua IST yako tayari, na hilo mnunuzi wako wa kesho analijua pia.

Wanunuzi wake ni wengi na wa aina nyingi: mwalimu, muuguzi, mama anayepeleka bidhaa sokoni, kijana anayetaka kufanya taksi. Mkusanyiko huo ndio unaofanya iuzwe kwa siku chache. Gari ambalo mtu wa kipato cha kati anaweza kulilipa bila kukopa lina mlango mpana wa kutokea.

Ubaya wake: iko chini. Mvua zikianza Novemba, mashimo ya barabara za ndani hujaa maji mekundu usione kina, na mpaka Aprili utakuwa umebadilisha vidhibiti vya mshtuko, bushi na pengine rimu moja. Halafu angalia kama ilifanya taksi. Taksi inazunguka mchana kutwa, dereva tofauti asubuhi na jioni. Miaka miwili ya taksi ni kama sita ya mtu wa ofisini. Tazama pedali ya breki: mpira ukiwa umelika mpaka chuma kinang'aa huku mita ikionyesha kilomita 80,000, mita imerudishwa nyuma. Vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho, uone ulivyochakaa sehemu inayogusa bega. Mita hurudishwa na mtu mwenye kompyuta ndogo kwa nusu saa. Mkanda na pedali haviwezi kudanganya.

Jambo dogo linaloudhi wanunuzi: redio ya Kijapani inakamata FM kuanzia 76 hadi 90 tu, kwa hiyo stesheni zilizo juu ya hapo huzipati. Weka redio nyingine mapema, utaifurahia mwenyewe na siku ya kuuza haitakuwa kisingizio cha kukupunguza.

RAV4: mbili zinazofanana, moja tu inayoshika bei

RAV4 ya umbo la pili, ya kuanzia 2000 hadi 2005, inapendwa sana hapa. Iko juu kidogo, familia inaenea, na katika mji wa mashimo urefu wa chini ya gari ni fedha. Mke wa mtu akiiona hakatai, na msiseme hilo si hoja ya soko; magari mengi hukataliwa nyumbani baada ya kukubaliwa na fundi.

Ila kuna mbili. Ile iliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi ina injini ya petroli ya lita 2.0 yenye jina 1AZ-FSE, na juu ya kifuniko cha plastiki imeandikwa D-4. Maana yake mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa. Kule kwao, kwa mafuta safi, ni kazi nzuri ya uhandisi. Kwetu, esansi, yaani petroli, inapouzwa kwa jerikeni barabarani na hujui ilichanganywa na nini, pampu ile inaumia; na kwa kuwa mafuta hayapiti juu ya vali za kuingizia hewa, zinajaa masizi. Asubuhi injini inatetemeka kama mtu wa homa. Mafundi wengi wataisikia tu na kusema, "D-4? Hapana." Noah za umbo la 2001 za petroli nyingi zina injini hiyohiyo.

Ile ya Ulaya ya petroli ina 1AZ-FE, mfumo wa kawaida wa kupuliza mafuta, na ndiyo niliyoiweka kwenye hesabu. Ukiona D-4D yenye D mbili, hiyo ni ya mazutu, yaani dizeli, jambo jingine kabisa, na mabomba yake ya kupulizia mafuta hayapendi mazutu machafu vilevile.

Barabarani hutazitofautisha hizo mbili. Siku ya kuuza zinatofautiana, kwa sababu mnunuzi anakuja na fundi, na fundi anafungua boneti kabla ya kusalimia.

Usukani: kulia au kushoto

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni suala la pesa na la uhai pamoja.

Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, Japani pia. Kwa hiyo gari la Japani linapovuka Kasumbalesa, dereva anabadilisha upande wa barabara lakini yeye mwenyewe anabaki kiti cha kulia, karibu na mtaro. Mjini utazoea ndani ya wiki moja. Barabara ya Likasi ni habari nyingine. Upo nyuma ya lori lililobeba shaba, urefu wake kama nyumba, na ili uone kinachokuja inabidi utoe karibu gari zima katikati ya barabara. Kwa hiyo anayeona ni yule aliyekaa kushoto. Nimekaa kiti hicho mara nyingi, mume wangu akiuliza "iko wazi?" nami nikisema "ngoja… ngoja… pita… hapana!" Uamuzi wa uhai wa watu wanne ukawa mdomoni mwa mtu asiyeshika usukani.

Usiku kuna jingine. Taa za gari la Japani zimetengenezwa ziinamie kushoto, mahali ambapo kwao ni pembeni mwa barabara. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo unampiga machoni hata ukiwa umeshusha taa. Na kama unawaza Hiace au basi dogo la biashara, mlango wa kutelezesha wa Kijapani uko kushoto: abiria anashukia katikati ya barabara, na mtoto anakuwa wa kwanza kuruka.

Kwa bei, usukani wa kushoto ni ghali zaidi kwa gari la aina moja na mwaka mmoja. Unalipa ziada ukinunua, na sehemu kubwa ya ziada hiyo inarudi ukiuza. Usukani wa kulia una wanunuzi wengi Lubumbashi kwa sababu ndio uliojaa, ila una hofu moja isiyokwisha: suala la kuupiga marufuku hurudi mezani kila mara, na Rwanda jirani walikwisha kuufungia mlango. Anayenunua kwa miaka miwili mitatu anaweza kuivumilia hofu hiyo. Anayenunua gari la kukaa nalo miaka kumi aipe uzito.

Jihadhari na usukani uliohamishwa. Kuna mafundi wanaokata dashibodi na kuuvusha usukani kutoka kulia kwenda kushoto ili gari lipande bei. Nitarudi kwenye hilo mwishoni, kwa sababu lilitukuta.

Jipu la kifahari

Mwaka wa pili wa ndoa yetu tulinunua moja. Sitataja aina yake. Wengi mmewahi kulikaa. Lilikuwa na miaka saba, linameta, na bei yake ilikuwa chini ya RAV4. Mume wangu alisema, "Tazama, kitu cha wakubwa kwa bei ya wadogo." Nami nilikubali, tena kwa furaha, kwa sababu sikuwa nimejiuliza kwa nini wakubwa wanaliachia.

Magari hayo huanguka bei Ulaya kwa sababu kule kwenyewe kuyatengeneza baada ya miaka saba au minane ni ghali. Springi zake si za chuma, ni mifuko ya hewa. Asubuhi moja ya Januari tulilikuta limelala upande mmoja, kona ya nyuma imegusa tope, kama ng'ombe aliyepiga goti. Mfuko ulikuwa umepasuka. Fundi wetu, mtu mwaminifu, alilizunguka, akachutama, akasema, "Mama, hii si ya kwangu." Kipuri kiliagizwa nje ya nchi, wiki tano, na kilipofika ikaonekana pampu ya hewa nayo imechoka kwa kujaza mfuko unaovuja.

Tulipotaka kuliuza ilituchukua miezi minane. Waliolipenda hawakuwa na pesa, wenye pesa walikuwa na akili. Aliyelichukua alitupa theluthi ya tulichokuwa tumetoa, nasi tulimshukuru. Hiyo ndiyo sababu kwenye jedwali nimeandika 2,500, na ninaona nimelihurumia.

Basi kama moyo wako uko huko, sawa, ni moyo wako. Tenga fedha ya pili sawa na ile ya kununulia, na usilihesabu gari hilo kama akiba.

Gari jipya, na pikapu za migodini, kwa ufupi

Kuhusu gari jipya la dukani: tuseme pikapu ya dola 45,000. Sehemu moja ya tano ya mwaka wa kwanza ni 9,000. Mdogo wangu alicheka. Ndiyo pesa yake yote, imeyeyuka kwa miezi kumi na miwili kwenye gari la mtu mwingine. Linafaa kampuni, au mtu atakayelitumia miaka kumi.

Hilux na Land Cruiser za mfululizo wa 70 ziko kwenye ulimwengu wao. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, pampu ya mafuta ya kimakanika bila kompyuta, inaweza kuwa na miaka ishirini na bado ikauzwa kwa bei inayokushtua. Migodi, mashirika na wafanyabiashara wa vijijini wote wanaitaka. Lakini bei hizo zimefungwa kwenye shaba. Katikati ya 2008 tani moja ya shaba ilikuwa zaidi ya dola 8,000; Desemba mwaka huohuo ilikuwa karibu na 3,000, na kampuni nyingi hapa Katanga zilifunga au kusimamisha kazi. Walioachishwa walitaka kuuza magari yao makubwa wiki ileile, kwa watu ambao nao walikuwa wameachishwa. IST na mwenzake mdogo haviyumbishwi hivyo, kwa sababu mtu akipoteza gari kubwa ndipo anapotafuta dogo.

Karatasi ni sehemu ya bei

Nimeona RAV4 nzima ikishushwa dola 800 kwa sababu carte rose, kadi ya umiliki wa gari, ilikuwa kwa jina la mtu wa tatu kutoka nyuma, aliyehamia Kolwezi, simu haipatikani. Wenye gari waliopita walikuwa wameuziana kwa hati ya mauzo tu, kila mmoja akikwepa gharama za kuhamisha jina. Kila mmoja aliokoa kidogo, wa mwisho akalipia wote.

Linganisha nambari ya fremu kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Omba karatasi za forodha. Na gari lililotoka kwenye shirika la misaada, liulize mara mbili: mengi huingia kwa msamaha wa kodi, na likihamia kwa mtu binafsi kodi ile inadaiwa. Bei nzuri unayotajiwa inaweza kuwa bei bila ushuru, na ushuru unakusubiri wewe.

Jingine ni daftari. Nilipouza Corolla yangu ya mwisho, mnunuzi alikuja na fundi aliyeshika kitambaa cheusi cha grisi. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, akatazama chini yake kama kuna uji mweupe kama mayonezi, dalili kwamba maji yameingia. Akalala chini, akatoka, akasema dola 400 zipunguzwe kwa ajili ya breki. Nikamletea daftari la shule la kurasa 48, kila oili iliyobadilishwa na tarehe yake, kila risiti imebandikwa kwa gundi. Ukurasa wa breki ulikuwa na wiki sita. Mnunuzi alipitisha kidole kwenye mistari, akafunga daftari, akatoa pesa bila kusema neno. Mimi nilimrudishia noti moja ya mia yenye mchaniko mdogo pembeni, kwa sababu hapa noti kama hiyo hakuna atakayeipokea, naye akaibadilisha. Daftari lile lilinigharimu pengine franga elfu moja.

Tulichoamua na mdogo wangu

Kwa mtu wa mjini mwenye 9,000, nilimwambia IST, na 3,000 zinazobaki zikae: 1,000 za matengenezo ya kuanzia, 2,000 zifanye biashara. Yeye alitaka RAV4. Anakwenda Likasi kila mwisho wa mwezi kwa kazi, na hoja yake kuhusu malori nilikuwa nimempa mimi mwenyewe. Nilimjibu kwamba RAV4 ya 9,000 itamwacha bila hata pesa ya vidhibiti vya mshtuko, na gari zuri lisilotengenezwa hushuka bei haraka kuliko baya linalotunzwa. Bado, alikuwa na haki ya kuiona.

Jumatatu tulikwenda pamoja na fundi hadi parkingi moja Kampemba. Gari lilikuwa safi. Usukani kushoto, kama picha. Fundi alifungua boneti. Kifuniko cha plastiki juu ya injini hakikuwapo. "Nilikitoa, kinaleta joto," akasema komisionere, dalali wa gari. Fundi hakujibu. Alirusha maji kwenye kioo cha mbele, akamwambia mdogo wangu awashe wipa. Zilifagia vizuri upande wa abiria mpaka pembeni kabisa, na mbele ya macho ya dereva zikaacha kona kubwa yenye vumbi. Wipa zilikuwa bado zinamfanyia kazi dereva wa kulia.

Kisha tukasoma nambari ya fremu. Gari lililotengenezwa kwa Ulaya lina herufi na tarakimu 17. Hii ilikuwa fupi, ikianza na ACA21, kisha kistari, kisha tarakimu saba: namba ya Japani. Fundi alielekeza tochi kwenye ukuta wa injini, upande wa kulia, tukaona tundu la zamani la pampu ya breki likiwa limezibwa kwa bati na kupakwa rangi ambayo haikufanana.

"Na injini?" nikauliza.

"Kwa namba hii, mama, ni D-4."

Mdogo wangu aliufunga mlango polepole, akamshukuru komisionere kwa heshima, tukaondoka. Hakusema kitu mpaka jioni, aliponipigia simu.

"Yaya, ile IST ingali pale. Wameshuka mpaka 5,700."

"Carte rose iko kwa jina la nani?"

"Sijauliza."

"Uliza kwanza, halafu nipigie."